Kungoja Si Kulala

Kuna kungoja kwa namna mbili. Mtu aweza kungoja kama mlinzi wa shamba la mtama, aliyekaa juu ya dungu na kombeo mkononi, macho yake hayabanduki kwenye masuke. Na mtu aweza kungoja kama aliyelala kivulini huku ndege wanakula. Ukiwatazama kwa mbali, wote wawili wamekaa kitako. Jioni ikifika, mmoja ana mtama na mwenziwe ana mabua.

Nasema haya kwa sababu ya ugonjwa ambao watu wa Kitui na Makueni huutaja kwa kunong'ona, nao ni saratani ya tezi dume. Katika Kenya, hakuna saratani iwapatayo wanaume wengi kuliko hiyo. Juu yake kuna shauri ambalo madaktari wa ulimwengu wamelibishania kwa miaka mingi. Mtu akigunduliwa nayo mapema, ingali changa na haijatoka nje ya tezi, je, apasuliwe au achomwe kwa mionzi mara moja? Au awekwe chini ya ulinzi, apimwe kila baada ya muda, na kisu kingoje mpaka haja yake ionekane? Mimi nashika upande wa ulinzi. Nitakuonyesha sababu zangu, kisha nitakuonyesha sharti moja ambalo likikosekana, upande wangu huu hauna maana.

Huenda ukauliza, mambo haya yanamhusu nini mwanafunzi wa sekondari? Yanakuhusu sana. Siku babu yako au mjomba wako atakaporudi kutoka hospitali na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, ni wewe utakayeitwa uisome. Wazee watakaa chini ya mwembe, shangazi zako watalia, na mtu mmoja mwenye sauti kubwa atasema, "Ng'ombe wauzwe leo." Katika baraza la namna hiyo neno la aliyesoma lina uzito. Heri basi liwe neno la maarifa kuliko kuwa mwangwi wa hofu.

Kwanza uelewe kiungo chenyewe. Tezi dume ni tezi ndogo ya mwanamume, iliyokaa chini ya kibofu cha mkojo na kuuzunguka mrija utokao humo. Kazi yake ni kutoa sehemu ya maji yachukuayo mbegu za uzazi. Umri unapoendelea, tezi hii hukua kwa wanaume wengi na kuubana mrija, hata mzee akaamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo. Kukua huko aghalabu si saratani. Saratani yenyewe, ikiwa changa, kwa kawaida haina maumivu wala dalili yoyote. Maumivu ya mgongo na nyonga yatokanayo nayo huja wakati imekwisha kuingia mifupani, na hapo tumechelewa kuiondoa kabisa.

Kuna kipimo cha damu kiitwacho PSA. Hupima protini itokayo katika tezi hiyo. Kikipanda, ni ishara ya kuchunguza zaidi, wala si hukumu, maana hupanda pia kwa sababu ya tezi iliyokua tu au iliyoingiwa na maambukizo. Hukumu huja baadaye, sindano ikichukua vipande vidogo vya nyama ya tezi na mtaalamu akavitazama kwa hadubini. Yeye ndiye asemaye kama kuna saratani, na kama ipo, ni pole au kali. Maneno hayo mawili, pole na kali, ndiyo kiini cha shauri letu. Saratani kali hukimbia. Saratani pole hutambaa, na mara nyingi hutambaa taratibu hata mtu akafikia uzee wake na kufa kwa jambo jingine, asijue kamwe kwamba alikuwa nayo. Wapasuaji wa maiti wameyaona hayo tangu zamani katika miili ya wazee.

Sasa sikiliza hoja ya mtu wa haraka. Yeye husema, "Saratani ni saratani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ikatwe leo." Hoja hii ina sauti ya hekima, na kwa saratani nyingi ni hekima kweli. Kwa saratani kali ya tezi dume nami nasema vivyo hivyo, atibiwe bila kukawia. Walakini mtu huyu amefanya kosa la kudhani kwamba kila ufa huangusha ukuta, na ya kwamba kuziba hakuna gharama. Mambo haya mawili yamepimwa kwa hesabu, wala hatuna haja ya kuyabahatisha.

Katika Uingereza, tangu mwaka 1999 hata 2009, wanaume wenye umri wa miaka 50 hadi 69 walialikwa wapimwe damu. Kati ya waliokutwa na saratani ambayo haijatoka nje ya tezi, 1,643 walikubali wagawanywe kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja liliwekwa chini ya ulinzi, la pili lilipasuliwa tezi ikatolewa, na la tatu likapewa tiba ya mionzi. Wakafuatwa kwa muda wa miaka 15 hivi, na habari zao zikatangazwa mwaka 2023. Katika muda huo watu 356 walikuwa wamekufa kwa sababu mbalimbali, lakini waliouawa na saratani ya tezi dume walikuwa 45 tu. Kati ya hao, 17 walitoka katika kundi la ulinzi, 12 katika kundi la upasuaji, na 16 katika kundi la mionzi. Makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi, yaani watu kama 550 kila moja. Kwa maneno mengine, katika kila kundi walikufa kwa ugonjwa huo watu wawili au watatu katika kila 100. Kisu hakikuleta tofauti kubwa ya uhai, wala mionzi haikuleta.

Je, kuziba ufa kulikuwa bure? Hakukuwa bure hata kidogo. Miezi sita baada ya kuanza, karibu nusu ya waliopasuliwa walikuwa wakivaa vitambaa vya kuzuia mkojo. Hata baada ya miaka sita, 17 katika kila 100 walikuwa wakivivaa bado, na katika kundi la ulinzi walikuwa 8. Wengi walipoteza nguvu za kiume. Fikiri juu ya mzee wa Mutomo au Kibwezi, mkulima anayekwenda mbali kutafuta malisho na maji, akiishi na jambo hilo mahali ambapo hata maji ya kufulia ni ya kuchota. Kama upasuaji ulimwokoa na kifo, atashukuru, na sisi tutashukuru pamoja naye. Lakini kama ulimwondolea saratani ambayo isingalimwua kamwe, tumemvua heshima yake na kuuza ng'ombe wake ili kulipia mavuo hayo.

Sitaki kukuficha upande wa pili wa hesabu, kwa maana mwenye hoja ya kweli haogopi tarakimu. Katika uchunguzi ule, ugonjwa ulienea mbali na tezi kwa watu 51 katika kundi la ulinzi, hali katika makundi mengine mawili walikuwa 26 na 27. Basi ulinzi una hatari yake. Tena, baada ya miaka hiyo 15, kama watu 6 katika kila 10 wa kundi la ulinzi walikuwa wamekwisha kupasuliwa au kupewa mionzi, ama kwa sababu ugonjwa ulionyesha dalili ya kuamka, ama kwa sababu wao wenyewe walichoka na wasiwasi. Hayo hayaivunji hoja yangu. Ndiyo maana halisi ya kulinda, kwamba jiwe hurushwa ndege anapotua. Na ulinzi wa miaka ile ulitegemea zaidi kipimo cha damu. Siku hizi huongezwa picha za mashine ya MRI na kuchukuliwa tena vipande vya nyama, hivyo jicho limekuwa kali zaidi.

Mkulima wa maembe wa Makueni hahitaji kufundishwa jambo hili. Nzi wa matunda waharibifu kutoka ng'ambo walipogunduliwa katika Kenya mwaka 2003, wakulima walipata hasara nyingi. Wataalamu waliwafundisha nini? Waliwafundisha kutundika mitego mitini na kuhesabu nzi wanaonaswa, ili wajue adui ni wengi kiasi gani kabla ya kutumia dawa. Hakuna aliyemwita mkulima huyo mvivu kwa sababu alihesabu kwanza, wala hakuna aliyemshauri akate miembe yote kwa kuona nzi mmoja. Iweje basi busara tunayoitumia kwa mwembe tuikose kwa mwili wa baba yetu?

Yapo mapingamizi matatu yanayostahili jibu.

La kwanza husema kwamba uchunguzi ule wa Uingereza ulifanywa kwa watu weupe karibu wote, ilhali imejulikana huko huko Uingereza, na Marekani pia, kwamba watu weusi hupatwa na saratani hii zaidi. Ni kweli, na pingamizi hili ni zito kuliko yote. Lakini tazama linatuongoza wapi. Halisemi kwamba kila saratani ya mtu mweusi ni kali. Lasema kwamba tusichukue tarakimu za wengine kama kwamba ni zetu. Mlinzi aambiwaye kwamba ndege wa upande wake ni wengi zaidi, halichomi shamba. Huongeza macho. Mtu wetu apimwe mapema zaidi, apimwe mara nyingi zaidi, na mabadiliko madogo yachukuliwe kwa uzito zaidi.

Pingamizi la pili ni la uchungu. Husema, "Sisi wa Ukambani tumengoja vya kutosha. Tumengoja mvua, tumengoja maji, tumengoja barabara. Na sasa mnatuambia tungoje na saratani? Kungoja ni dawa ya maskini, tajiri hatangoja." Uchungu huu nauelewa, lakini umekosea mlango. Ulinzi ninaousema haukubuniwa kwa ajili ya maskini. Katika nchi tajiri zenye mashine za kila namna, madaktari huwashauri watu wengi wenye saratani pole wachague ulinzi. Kinachowapata maskini wetu ni kitu kingine kabisa, nacho ni kuachwa, ingawa watu hukiita kungoja. Mzee aambiwaye, "Nenda nyumbani, ukizidiwa rudi," bila tarehe, bila kipimo, bila jina lake kuandikwa popote, hakuwekwa chini ya ulinzi. Ametupwa.

Pingamizi la tatu hutoka kwa watu wa hospitali wenyewe, nao husema, "Watu wetu hawarudi. Tukimwachilia bila kumpasua, hatutamwona tena mpaka awe amelala juu ya machela." Hapo najibu kwa ukali, kwa maana hili ni kuwasingizia watu. Katika Kenya watu zaidi ya milioni moja humeza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, nao hurudi kliniki kuchukua dawa na kupimwa, mwaka baada ya mwaka. Baadhi yao ni wa Kitui na Makueni. Wanarudi kwa nini? Kwa sababu wana kadi, wana tarehe, kliniki iko karibu, dawa hawailipii, na asipofika yuko mtu wa kumwulizia. Watu hawa hawa ndio mnaosema hawarudi! Wawekeeni wagonjwa wa tezi dume njia kama hiyo, kisha ndipo muwalaumu wasiorudi.

Na hapa nafikia lile sharti nililolitaja mwanzoni. Ulinzi bila mlinzi ni neno tupu. Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 1,136,187. Makueni ilikuwa na watu 987,653. Kwa miaka mingi, mtu wa kaunti hizi aliyehitaji tiba ya mionzi katika hospitali ya serikali hakuwa na mahali pa kwenda ila Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mjini Nairobi. Na kutoka mji wa Kitui hadi huko ni zaidi ya kilomita 150. Mtu wa namna hiyo huona kwamba safari moja ya kukatwa ni afadhali kuliko safari ishirini za kupimwa, na katika hesabu ya nauli hana makosa. Makosa ni yetu sisi tuliompa hesabu hiyo.

Tazama jinsi tunavyochanga fedha zetu. Harambee ya upasuaji hujaza uwanja wa shule. Mbunge huja, kwaya huimba, na majina ya watoaji husomwa kwa kipaza sauti. Ni nani amewahi kuona harambee ya nauli ya mzee anayekwenda kupimwa damu kila baada ya miezi sita? Na viongozi wetu ni vivyo hivyo. Jengo jipya lina utepe wa kukatwa. Daftari la wagonjwa halina utepe. Lakini daftari ndilo litakalojua kwamba mzee fulani alitakiwa Machi na hakuja, na ndilo litakalomtuma mhudumu wa afya wa kijijini kwenda kubisha hodi.

Wala hatuombi muujiza. Mwaka 2016 Makueni iliushangaza umma ilipoanzisha mpango wake wa afya, ambao kila nyumba ililipa shilingi 500 kwa mwaka ili watu wake watibiwe katika hospitali za kaunti, na wazee waliopita miaka 65 hawakutozwa kitu. Kaunti iliyoweza kuwaza hayo, na jirani yake Kitui, zaweza kuwaza hili dogo: damu ipimwe karibu na nyumbani, vipande vya nyama visafirishwe kwenda kwa mtaalamu badala ya mgonjwa, daktari bingwa afike kwa siku zinazojulikana, na jina la kila aliye chini ya ulinzi liandikwe katika daftari linalofunguliwa. Jicho lije kwanza, kisha kisu kije kwa yule ambaye jicho limesema anakihitaji.

Limebaki adui mmoja, nalo ni haya. Wanaume wetu huona ni afadhali kufa kuliko kutaja sehemu hiyo ya mwili, na haya hiyo imechimba makaburi mengi, kwa maana saratani isiyotajwa hugunduliwa ikiwa imekwisha kuwa kali na kuenea, na hapo shauri letu lote la kungoja au kukata halina nafasi tena. Mwaka 2011 Profesa Peter Anyang' Nyong'o, wakati huo akiwa Waziri wa Huduma za Tiba, aliwaambia wananchi waziwazi kwamba alikuwa ametibiwa saratani ya tezi dume. Hakupungukiwa na heshima kwa kusema hivyo. Mwaka 2017 watu wa Kisumu walimchagua kuwa gavana wao, na mwaka 2022 wakamchagua tena. Kama waziri aliweza kuitaja mbele ya taifa, baba aweza kuitaja mbele ya daktari.

Na wewe, msomaji, utakapoitwa chini ya mwembe na kupewa ile karatasi, usijifanye daktari. Usimwambie mzee asitibiwe, na usikubali ng'ombe wauzwe kabla maswali hayajaulizwa. Fuatana naye kwa heshima hadi kwa daktari, ukaulize mambo manne: Saratani hii ni pole au kali? Imetoka nje ya tezi au ingali ndani? Akipasuliwa au akipewa mionzi sasa, atapata faida gani na atapoteza nini? Na akiwekwa chini ya ulinzi, atarudi tarehe gani, atapimwa nini, na ni nani atakayemtafuta asipofika?

Daktari akilijibu hilo la mwisho kwa tarehe na kwa jina, mzee ana haki ya kungoja kwa moyo mtulivu. Asipoweza kulijibu, usimlaumu yeye peke yake. Rudi nyumbani ukalipeleke swali hilo kwa diwani wako, na kwa kila ajaye kuomba kura ya baba yako, mpaka lijibiwe.